Maskini Amekosa Nini?

Kuna kitenzi cha Kiswahili ambacho kimenisumbua kwa muda: kukosa. Ukisema "amekosa karo", unamaanisha hana. Ukisema "amekosa" halafu ukanyamaza, unamaanisha ametenda kosa. Neno ni lile lile. Na mimi naona sisi vijana wa mjini, hasa tulio na mshahara na Wi-Fi ya nyumbani, tumezoea kuteleza kutoka maana ya kwanza hadi ya pili bila hata kuhisi. Mtu amekosa chakula, na dakika tano baadaye tunajadili alikosea wapi. Kwani hakusoma? Si angezaa wawili tu? Na mbona alionekana klabu wikendi?

Swali langu ni hili: je, tuna haki ya kumtaka maskini athibitishe kwamba anastahili, ndio tumsaidie? Jibu langu ni hapana. Lakini sitaki ulikubali kwa sababu ya huruma. Huruma huisha mwisho wa mwezi. Nataka tuangalie kwanza ule ukosefu ulitoka wapi.

Naishi Migosi, Kisumu. Si mtaa wa matajiri, lakini ukifungua mfereji, mara nyingi maji yanatoka. Ukitembea kidogo tu uko Manyatta, na hapo hesabu inabadilika. Mimi hulipa bili ya maji mwisho wa mwezi. Mama wa Manyatta hununua mtungi baada ya mtungi, na ukigawanya bei kwa lita, yeye analipa zaidi yangu. Mafuta ya kupikia ni ya kupima, unga ni wa kupima, sabuni inakatwa vipande. Uchumi wa kadogo, ndivyo tunavyouita, na tunauita tukicheka. Lakini kadogo maana yake ni kwamba asiye na pesa ndiye anayeuziwa kwa bei ya juu. Umaskini una gharama zake, na anayezilipa ni yule asiyeziweza.

Tena hii si nchi isiyo na kitu. Mwaka 2014 Kenya ilihesabu upya uchumi wake ikajikuta imeingia katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Hata hivyo, takwimu za serikali za mwaka 2022 zinasema asilimia 39.8 ya Wakenya walikuwa maskini. Karibu watu wanne katika kila kumi. Nchi inaweza kupanda ngazi na kuwaacha wanne chini, na kwenye karatasi bado ikaitwa imepanda.

Sasa tuulize walifikaje huko chini.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, wakati huo mahali hapa pakiitwa Port Florence. Watu wa ufuo huu hawakuwa maskini kwa maana tunayoijua leo. Walikuwa na ng'ombe, wimbi na mtama, samaki, na mashamba. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni rupia. Kisha ukaja ushuru wa nyumba, na ushuru huo ulitozwa kwa kila nyumba. Kwa boma la Mjaluo, ambako kila mke ana nyumba yake, hiyo ilimaanisha kulipa mara mbili, mara tatu. Rupia zilipatikana wapi? Kwa kwenda kufanya kazi kwa anayezo: kwenye reli, bandarini, kwenye mashamba ya walowezi. Maafisa wa kikoloni hawakuficha kwamba ushuru ulikusudiwa kuwatoa watu makwao waende kuajiriwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mzigo huo uliongezwa, kikaja na kipande, na mwaka 1921 walowezi wakapunguza mishahara.

Ndio maana Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, kule Gem, katika mkutano unaokumbukwa kama Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walitaka ushuru upunguzwe na kipande kiondolewe. Soma madai hayo kwa makini. Hakuna mahali walipoomba kuonewa huruma. Walikuwa wanasema: tunajua nani anatufanya maskini, na tunajua anatumia nini.

Uhuru ukaja. Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Waziri wa mipango alikuwa Tom Mboya, mtu wa Rusinga, kwa hivyo hii si hadithi rahisi ya kabila moja kulifinya lingine. Ndani ya waraka huo kulikuwa na wazo ambalo bado tunaishi nalo: pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri na mvua, kwenye barabara na umeme tayari, na kwa watu walio tayari kupokea maendeleo.

Walio tayari. Hapo ndipo ule mtelezo wa neno "kukosa" ulipoingia katika sera ya taifa. Mahali pasipo na barabara pakanyimwa barabara kwa sababu hapana barabara, na wakaaji wake wakaonekana kama hawajajitayarisha. Mwaka huo huo, Barack Obama mkubwa, aliyetoka upande huu wa ziwa, aliukosoa waraka huo katika jarida la East Africa Journal. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba haitoshi kuzungumzia ukuaji bila kuzungumzia nani anashika utajiri. Miaka minne baadaye, Oktoba 1969, ufunguzi wa hospitali ambayo wengi hapa bado wanaiita Russia uliishia kwa risasi na maiti. Chama cha KPU kikapigwa marufuku, viongozi wake wakafungwa bila kesi. Wazee wengi wa Kisumu wanaanzia tarehe hiyo wanapohesabu miaka ya kuachwa nyuma.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Kuanzia miaka ya themanini, mbuta alikuwa biashara kubwa. Viwanda vilikata minofu, ikafungwa kwenye barafu ikaenda Ulaya. Kilichobaki ni kichwa, mifupa na nyama kidogo iliyoshikilia. Akina mama wa Obunga wakavinunua, wakavikausha na kuvikaanga, wakawauzia watu wa mitaa. Sote tunajua jina lake: mgongo wazi. Ni chakula kitamu, na nawaheshimu wanawake waliosomesha watoto kwa biashara hiyo. Lakini tafakari kidogo. Mji ulio kwenye ufuo wa ziwa kubwa kuliko yote Afrika ulijifunza kula mifupa ya samaki wake. Uhaba wa samaki haukuwa na uhusiano na jambo hilo. Kilichoamua ni nani alikuwa na uwezo wa kununua mnofu.

Hata mtaa wangu una somo. Migosi ilipata mradi wa viwanja vyenye huduma, wa aina ile ile ya Dandora kule Nairobi: mtu wa kipato kidogo anapewa kiwanja chenye barabara, maji na mfereji wa taka, kisha anajijengea mwenyewe. Wazo zuri. Tatizo la miradi hiyo ni kwamba kujenga kunahitaji pesa. Asiye nazo anaweza kukodisha, ama kuuza, kisha arudi alikotoka. Ukikutana naye leo unaweza kusema alipewa nafasi akaichezea. Lakini alipewa nusu ya nafasi, akadaiwa matokeo ya nafasi nzima.

Najua jibu linalokuja hapa. Historia ni sawa, lakini si kila maskini ni mhasiriwa wa mkoloni. Kuna mvivu, kuna mlevi, kuna anayechezea karo kwenye kamari ya mpira. Ni kweli, wapo. Wapo pia Migosi, na wapo Milimani wakiwa wengi tu. Tofauti ni kwamba mlevi wa Milimani analala kwenye nyumba yenye maji, na asubuhi watoto wake wanaenda shule. Tabia mbaya zimegawanywa karibu sawa kati ya mitaa yetu. Matokeo yake hayajagawanywa hivyo. Kwa hivyo tabia peke yake haiwezi kuwa maelezo ya umaskini, maana ingekuwa hivyo, tungekuwa na matajiri wachache sana.

Mwaka jana chama chetu kilijadili ombi la mama anayetoka Manyatta kufulia nyumba kadhaa hapa kwetu. Mtoto wake alikuwa amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, na mama akaomba elfu tatu kutoka mfuko wa dharura. Tulibishana karibu saa nzima. Mmoja akauliza baba ya watoto yuko wapi. Mwingine akasema amemwona na simu nzuri. "Mama Brian, ukimpa huyu, kesho watakuja wote," mwenzetu alionya. Mwishowe mzee tunayemwita Mwalimu akauliza, kwa upole, "Nyinyi mkikopa hapa, kuna mtu huwauliza mume yuko wapi?" Kukawa kimya. Pesa zikatoka.

Nikisimulia kisa hiki, watu huniuliza kama alilipa. Sisemi, kwa sababu swali lenyewe ndilo ninalolipinga. Mtoto alikuwa nje ya darasa, na hilo lilikuwa kweli siku ile, bila kujali mama yake angefanya nini mwezi uliofuata. Mtu wa boda boda akiletwa hospitalini akivuja damu, nesi hamwachi kwanza amuulize kama alivaa kofia. Swali hilo lina wakati wake. Damu huzuiwa kwanza. Pesa hazitoshi kila mtu, sawa, kwa hivyo lazima tuchague. Basi tuchague kwa kuangalia nani ana haja kubwa zaidi. Tukianza kupima nani ana tabia nzuri, tutakuwa mahakama, na mahakama yenyewe ina hakimu anayenufaika na hukumu.

Na tukitoa bila masharti, inakuwaje? Hapa hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu majirani zetu wa Siaya wamechunguzwa sana. Utafiti mmoja uliofanywa Rarieda na kuchapishwa mwaka 2016 uliona kwamba familia zilizopewa pesa bila masharti hazikuongeza matumizi kwa pombe wala sigara. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2022, ulifuatilia vijiji 653 vya kaunti hiyo, ambako zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Kila dola iliyoingia ilizalisha karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa pale. Hata jirani ambaye hakupewa alifaidika, kwa sababu aliyepewa alienda kununua mabati na mahindi kwake. Bei hazikupanda kwa kiasi cha maana.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Homa Bay. Mpango kama huo ulipofika huko, familia nyingi zilikataa. Uvumi ulienea kwamba ni pesa za kishetani, kwamba kuna kitu kitadaiwa baadaye, pengine damu. Wengine waliwacheka. Mimi siwezi. Ukiishi karne nzima mahali ambapo kila kitu kutoka nje kimekuja na deni ndani yake, kuanzia ushuru hadi kiwanja, kushuku pesa ya bure ni akili ya kawaida kabisa.

Mtu akisema nchi zilizoendelea zilimaliza jambo hili kwa bidii, mwonyeshe Marekani. Mwaka 2021 serikali yake iliongeza pesa kwa familia zenye watoto. Kwa kipimo kinachohesabu misaada ya serikali, watoto maskini walishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2 mwaka 2021. Bunge halikuendeleza mpango huo. Mwaka 2022 idadi ikapanda hadi asilimia 12.4. Wazazi hawakugeuka wavivu kwa mwaka mmoja. Kura ilibadilisha hesabu.

Kwetu kuna Inua Jamii. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa anapewa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakijabadilika kwa zaidi ya miaka kumi huku unga ukipanda bei. Nyanya yako akipokea hizo pesa, kisha wewe ukamwongezea kwa M-Pesa, mnafanya kazi ambayo bajeti ingeweza kufanya. Endelea kutuma, tafadhali. Lakini ujue kwamba unaziba pengo ambalo mtu aliliamua akiwa ofisini, na pengo lililoamuliwa linaweza kuamuliwa tena. Kuna vikao vya umma vya bajeti ya kaunti ambavyo sisi vijana hatuendi, halafu tunakaa kwenye chama saa nzima tukimchunguza mama wa kufua.

Wale wa Lundha walifanya kinyume. Walimwacha maskini wakaushika ushuru. Miaka zaidi ya mia imepita, na sidhani tumepata njia bora ya kuanza. Kwa hivyo ukisikia mtu amekosa, usiache sentensi hapo. Imalizie: amekosa maji, amekosa barabara, amekosa elfu tatu. Halafu uliza nani anavyo, na vilifikaje kwake.