Mstari wa Pili

Mama mmoja anayekaanga samaki Dunga, kando ya mji wa Kisumu, ana mtoto wa miaka minne. Mtoto alishikwa na homa. Akadungwa kidoleni, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, na baada ya robo saa mistari miwili ikajitokeza. Malaria. Akapewa dawa ya malaria iitwayo AL, dozi sita kwa siku tatu, akapona, akarudi kukimbizana na wenzake ufuoni.

Hata wiki tatu hazijatimia, homa ikarudi, safari hii na kikohozi. Mama akakimbilia duka la dawa la jirani. Tone la damu, mistari miwili. "Ni malaria tu, mama," akaambiwa, akafungiwa AL nyingine. Hakuna aliyemvua mtoto shati. Angevuliwa, zingeonekana mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi.

Kipimo hakikuharibika. Hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta HRP2, protini ambayo kimelea cha malaria huimwaga kwenye damu. Ukanda wake umepakwa kingamwili zinazoishika protini hiyo, na ikinaswa, rangi hukusanyika ikawa mstari. Dawa huua vimelea kwa siku chache, lakini HRP2 huendelea kuzunguka mwilini kwa wiki kadhaa, pengine mwezi na zaidi. Watu wa ziwani wanajua: gunia la omena huondoka asubuhi, harufu ikabaki chumbani.

(Na kinyume chake kipo. Kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2. Vinajaa damuni na mstari usionekane. Eritrea ilibadili vipimo vyake mwaka 2016 kwa sababu hiyo.)

Siku ya tatu ya AL ile ya pili, mtoto alikataa hata uji. Hospitalini damu yake ikatazamwa kwa darubini: hakuna kimelea hata kimoja. Ilikuwa nimonia. Aliwekwa kwenye oksijeni, akapona, ila siku tatu nzima zilikuwa zimepotea, na kwa mapafu ya mtoto hizo ni nyingi mno.

Basi mzazi, ukimrudisha mtoto kupimwa, taja tarehe aliyomaliza AL. Omba damu itazamwe kwa darubini. Na kabla hujaondoka, mvue shati, mwombe daktari ahesabu pumzi: kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia, hata mistari ikiwa miwili.