Rafiki Anayekutafuta

Siku ya kuanua tanga nyumba ya msiba hupoa upesi. Vijana wanafungua turubai, viti vya kukodi vinapakiwa garini, masufuria yanarudi kwa wenyewe. Asubuhi yake mama anaamka peke yake, na kandambili za marehemu zingali mlangoni. Kundi la WhatsApp la michango limenyamaza. Watu wanampenda, ila kila mmoja amerudi kwenye riziki yake. Wiki ya tatu, nani atapiga hodi?

Swali hilo hunipeleka kwa Onesiforo, mtu anayetajwa kwa ufupi sana katika Waraka wa Pili kwa Timotheo. Paulo amefungwa Roma, na watu wa Asia wamempa kisogo. Onesiforo, ambaye alikwisha kuhudumu sana kule Efeso, alipofika Roma alimtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuuonea haya mnyororo wake. Hebu fikiri: mgeni katika mji mkubwa vile, anaulizia habari za mfungwa, na kila anayemuuliza aweza kumshuku na yeye. Tena Paulo anasema mtu huyu alimburudisha mara nyingi. Mara nyingi, mpendwa! Kwenda mara moja wengi wetu tunaweza. Urafiki huonekana katika safari ya pili na ya tano, wakati hakuna tena anayehesabu nani amekuja.

Na wale waliompa kisogo? Katika sura ya 4 ya waraka huohuo Paulo anasema kwamba aliposimama kujitetea mara ya kwanza, wote walimwacha. Kisha anaomba wasihesabiwe hatia. Alijifunza hayo kwa Bwana wake. Yesu aliwaita wanafunzi wake rafiki usiku uleule waliomkimbia, naye alijua kwamba watakimbia. Je, yupo aliyekukosa siku ulipomhitaji, na mpaka leo hujaweza kumtaja katika sala? Anza na jina lake tu. Mengine Mungu atakusaidia polepole.

Halafu juma hili mkumbuke mtu mmoja ambaye turubai lake limekwisha kufunguliwa, uende kwake. Usingoje upate bahasha, wala usingoje upate maneno mazuri. Katika Maandiko yote hakuna neno hata moja alilosema Onesiforo lililoandikwa.