Mtu wa Pili

Kazi ya dereva wa treni haihitaji maelezo. Ya gadi lazima uieleze. Nimeifanya miaka mingi kwenye treni za mizigo za Reli ya Kati, kati ya Morogoro na Tabora, na swali nililoulizwa kuliko yote, harusini, msibani na hata nyumbani kwangu, ni hili: kama dereva ndiye anayeendesha, wewe unafanya nini humo?

Jibu la vitendo si gumu. Kabla ya safari gadi anatembea kando ya mabehewa toka kichwani hadi mkiani. Anatazama viungio, mipira ya breki, milango, mzigo uliofungwa vibaya. Anahakikisha breki zinashika mpaka behewa la mwisho, kwa sababu breki isiyofika mkiani ni breki ya nusu treni. Usiku anahakikisha taa ya mkia inawaka. Kwa taa hiyo ndogo stesheni masta anajua kwamba treni imepita nzima, hakuna behewa lililokatika na kubaki njiani. Treni ikikwama mlimani, kuna breki za mkono za kukazwa, behewa moja baada ya jingine, kwa nguvu za mikono. Pale Saranda, reli inapopanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, hakuna anayeuliza kama kazi hiyo ina maana. Wala haulizi anayekumbuka Igandu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mteremko mkoani Dodoma ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281.

Lakini jibu hilo halimalizi swali. Kila kazi niliyoitaja inaweza kupewa chombo, au kuongezwa juu ya mabega ya dereva. Marekani na Kanada walishafika huko. Kuanzia miaka ya 1980 behewa la mwisho, alimokaa kondakta, kama gadi anavyoitwa kwao, lilianza kuondolewa. Mahali pake kikawekwa kisanduku cha elektroniki kinachopima upepo wa breki, na kondakta akahamia mbele kwa dereva. Kisha kampuni nyingine zikauliza: na huyu naye wa nini?

Mwaka 2012 kampuni moja iliyofanya kazi Quebec, nchini Kanada, iliruhusiwa kuendesha treni zake kwa mtu mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, dereva wake aliyekuwa peke yake aliegesha treni ya mabehewa 72 ya mafuta ghafi kwenye mteremko wa Nantes. Alikaza breki 7 za mkono, akajaribu kama zinashika. Treni ikatulia. Ila wakati wa jaribio hilo breki za upepo za injini zilikuwa bado zimefungwa, na hizo ndizo zilizosaidia kuishikilia. Akaenda kulala. Baadaye injini ikawaka moto. Wazimamoto wakauzima, na injini nayo ikazimwa. Bila injini, upepo wa breki ukavuja polepole. Karibu na saa saba usiku treni ikaanza kuteremka bila mtu, ikaingia mji wa Lac-Mégantic, kilomita 11 hivi kutoka hapo, ikaanguka na kulipuka. Walikufa watu 47. Uchunguzi ulisema zilihitajika breki za mkono zisizopungua 17.

Je, mtu wa pili angezuia? Wachunguzi hawakuweza kusema kwa hakika. Nami sisemi. Mtu wa pili si hirizi. Treni iliyoanguka East Palestine, Ohio, Februari 2023, ilikuwa na watu watatu, na beringi ya gurudumu ikaungua hata hivyo. Isitoshe, wawili wana hatari yao: huyu hukazi breki akidhani yule amekaza, na yule vivyo hivyo. Kila aliyefanya kazi ya zamu anaijua hali hiyo.

Kwa hiyo simtetei mtu wa pili kwa hesabu ya mikono. Namtetea kwa sababu nyingine. Mtu aliyechoka hadanganyi wengine kwanza, anajidanganya mwenyewe. Anajaribu breki, treni inatulia, na moyo wake unataka sana jibu liwe “tayari”. Kosa la namna hiyo halionekani kutoka ndani. Linahitaji mtu aliyesimama pembeni, hata mwenye cheo kidogo, anayeweza kusema, “Kaka, ulifungua kwanza breki za injini?” Swali hilo halihitaji akili nyingi. Linahitaji masikio mawili mengine na ruhusa ya kuuliza.

Tumezoea kuuona uaminifu kama mali ya mtu: fulani ni mwaminifu, basi mwachie kazi. Mwajiri akimwambia mfanyakazi, “Tunakuamini, utaweza peke yako,” inasikika kama sifa. Mara nyingi ni mzigo uliovikwa sifa. Nilichojifunza reli ni kwamba uangalifu unakaa kati ya watu kuliko ndani ya mmoja wao. Mimi mwenyewe nilikuwa mwangalifu zaidi kwa sababu nilijua dereva ataniuliza, naye alijua nitamuuliza. Hakuna kati yetu aliyekuwa malaika.

Baada ya Lac-Mégantic wafanyakazi watatu walishtakiwa kwa uzembe wa jinai uliosababisha vifo, dereva akiwa mmoja wao. Januari 2018 wote wakaachiwa huru. Mahakama hutafuta mtu aliyekuwepo. Nafasi iliyofutwa haina mikono ya kutiwa pingu, na asiyekuwepo hashtakiwi. Ndiyo maana kumwondoa mtu wa pili ni uamuzi rahisi kuuchukua: faida yake inaonekana kwenye mishahara ya mwezi huohuo, na hasara yake ikija, inamkuta aliyebaki.

Siku hizi nikimwona muuguzi mmoja na wodi nzima usiku, au dereva wa lori la masafa marefu asiye na msaidizi, siulizi kama ni mwaminifu. Huenda ni mwaminifu kuliko mimi. Nauliza ni nani aliyepewa kazi ya kumuuliza swali, na kama hayupo, ni nani aliyeamua asiwepo. Huyo wa mwisho ndiye anayepaswa kujibu kabla ya ajali. Baada yake hutamkuta kizimbani.