Fundi, Nizimie Hiyo Taa

Ukikaa kwenye benchi la gereji yoyote ya hapa Dodoma, ombi utakalolisikia mara nyingi ni hili: "Fundi, nizimie hiyo taa." Mwenye gari haulizi gari lina nini. Jioni ana safari ya Dar, au mkewe amekwisha kuuliza ile taa ya njano yenye alama ya injini inamaanisha nini. Fundi anachomeka mashine chini ya usukani, anabonyeza, taa inazimika. Anapokea chake, na wote wawili wanaachana kwa furaha.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, mji umejaa magari yanayojipima yenyewe. Land Rover za mikoani za enzi zile zilikuwa na taa chache sana, na dereva aliishi kwa sikio lake. Kisha Marekani ikalazimisha magari madogo yote mapya yawe na mfumo mmoja wa kujipima kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Ndiyo maana leo kidude kinachoingia mfukoni kinaweza kusoma magari ya viwanda vingi. Mambo mazuri haya, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaoichukua namba ya mashine kama hukumu. Mashine ikiandika P0171, imesema tu kwamba injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Kwa nini? Haijui. Hapa kwetu, mvua zikishakatika na upepo wa kiangazi ukaanza kuinua vumbi, mimi ningetazama kwanza chujio la hewa na ile sensa inayopima hewa inayoingia. Vumbi likiikalia, inasoma hewa pungufu, na kompyuta inatoa petroli pungufu vilevile. Huenda pia ni mpira uliopasuka unaonyonya hewa pembeni. Fundi mvivu hatafuti. Anakuuzia sensa ya oksijeni, taa inalala siku chache, kisha inaamka.

Ziko taa zisizongoja mjadala. Ile nyekundu ya birika ikiwaka unatembea, weka gari pembeni na uzime injini. Haikwambii oili imebaki kiasi gani, inakwambia msukumo wake umeshuka, na ukijikaza ufike mji unaofuata injini inaweza kunoki kabla hujafika. Ya njano ikiwa inawaka na kuzima, silinda inamisi, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega kwenye ekzosti. Bei ya masega mnaijua.

Kelele nazo zina watu wake. Nilikuwapo gereji mwalimu mmoja alipofika akitokea Hombolo, gari lake bado halijachakaa, tairi la mbele likikwaruza chuma kwa chuma mpaka watu wakageuka. Kwingine alikokwisha kupita aliambiwa ni beringi na diski, akapewa bei ya kumtoa jasho. Fundi huyu, kijana tu, hakuigusa mashine.

"Shikamoo, mwalimu. Ilianza ghafla au kidogo kidogo?"

"Marahaba. Ghafla, nilipotoka kwenye changarawe."

"Ukikata kona inabadilika?"

Haikubadilika. Akapiga jeki, akavua tairi, akapenyeza bisibisi kati ya diski na lile bati jembamba la nyuma yake. Kikadondoka kijiwe kama punje ya mahindi.

"Mwalimu, beringi yako hiyo hapo."

Maswali mawili tu yaliokoa mshahara wa mtu. Na si kila mlio ni ugonjwa: injini nyingi mpya zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda hulia ti-ti-ti zikiwa silensa, ndivyo zilivyoundwa. Lakini mkwaruzo wa cheni ya taimingi kila asubuhi injini ikiwa baridi, huo usiuzoee.

Tabia ya kuzima taa, kwa kweli, haikuanzia gereji. Ofisini anayesema fedha za mradi hazitatosha huonekana mkorofi, na taarifa yake huandikwa upya mpaka isomeke vizuri. Nyumbani mtoto anayesema baba anakunywa sana huambiwa hana adabu.

Kwenye biashara ya magari tabia hii imekuwa mtaji. Namba hufutwa asubuhi, gari huuzwa mchana. Bahati njema kompyuta hiyo hiyo huwasaliti: kumbukumbu zikifutwa, vipimo vyake vya ndani huanza upya, na fundi makini huona kwamba bado havijakamilika. Kwa hiyo unayenunua, mlipe fundi wako aangalie hapo, halafu omba mwende pamoja mpaka Kibaigwa na kurudi. Muuzaji mwenye gari zima atakukabidhi ufunguo na kukaa pembeni yako. Mwingine atakumbuka ghafla kwamba ana kikao Mtumba.