Kijana Aliyefiwa na Rafiki



Mtu mzima akifiwa, twajua la kufanya. Tunakwenda matangani, tunaketi naye, tunatoa rambirambi. Lakini kijana akifiwa na rafiki yake wa shuleni, nani humpa pole? Pole zote huenda kwa wazazi wa marehemu. Yeye huambiwa anyamaze, arudi darasani, mitihani i karibu.

Jambo hili limeelezwa vema katika kitabu kiitwacho Bridge to Terabithia, yaani Daraja la Terabithia, kilichotolewa Marekani mwaka 1977. Mtungaji wake, Katherine Paterson, alizaliwa China mwaka 1932, wazazi wake wakiwa wamisionari, na yeye mwenyewe alitumika kama mmisionari huko Japani. Mwaka 1974 rafiki wa mwanawe, msichana wa miaka 8, alipigwa na radi akafa. Katika msiba huo ndipo kitabu kilipozaliwa, nacho kilipata Nishani ya Newbery mwaka 1978.

Hadithi yenyewe ni hii. Jess, mvulana wa familia maskini huko Virginia, alijizoeza mbio ili awe wa kwanza shuleni. Akashindwa na msichana mgeni, Leslie. Badala ya kuchukiana, wakawa chanda na pete. Ng'ambo ya kijito wakajibunia ufalme wao, wakivuka kwa kubembea na kamba iliyofungwa mtini. Siku moja, kijito kimefurika kwa mvua, Jess alipelekwa Washington na mwalimu wake kuona makumbusho. Leslie akaenda kule peke yake. Kamba ikakatika, akafa maji.

Tumtazame Jess. Kwanza alikataa kuamini. Kisha alimpiga mdogo wake, akatupa kijitoni rangi za kuchorea alizopewa na Leslie. Tena alijilaumu kwamba hakumwalika rafiki yake katika safari ile. Yote hayo ni kilio, ingawa asiyejua atasema mtoto ameharibika. Sisi tuliowafunza walimu chuoni twafahamu jinsi mtoto wa namna hii anavyoweza kuadhibiwa kwa utovu wa adabu, kumbe ana msiba.

Aliyemsaidia Jess ni Bibi Myers, mwalimu mkali ambaye watoto walimcheka kisirisiri. Alimwita nje ya darasa, akamwambia kwamba yeye alipofiwa na mumewe, watu walimkataza kulia wakataka asahau, naye hakutaka kusahau. Hakuongeza mengi.

Maandiko nayo yatufundisha hivyo. Bwana wetu alijua atamfufua Lazaro, hata hivyo alilia (Yohana 11). Daudi alipopata habari ya kifo cha Yonathani hakujikaza kiume. Alitunga ombolezo, akaagiza watu wa Yuda wafundishwe (2 Samweli 1). Rafiki za Ayubu waliketi naye siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayubu 2). Wakati huo walimfaa kuliko walipoanza kuhutubu.

Kwa hiyo, wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili, tusifanye haraka kumwambia kijana kwamba Mungu amempenda zaidi mwenzake. Atamwogopa Mungu anayenyang'anya watoto rafiki zao. Tumaini la ufufuo ni la kweli, nasi tutamwambia, lakini kwanza tumwache alie. Tukubali aende maziko akitaka. Tusiogope kulitaja jina la marehemu mbele yake. Tumwulize walicheza nini, walicheka nini. Akikasirika, tusimpige, tuketi karibu naye.

Mwishoni Jess alichukua mbao, akajenga daraja juu ya kijito kile, akamvusha mdogo wake May Belle, yule yule aliyempiga, hata akaingia katika ufalme. Mtakatifu Paulo asema kwamba Mungu hutufariji ili nasi tupate kuwafariji wengine (2 Wakorintho 1). Kijana aliyefarijiwa vema leo ndiye atakayeketi na wafiwa wa mtaa wetu kesho.

Je, katika mtaa wetu hakuna kijana aliyefiwa na rafiki mwaka huu? Tumtafute baada ya ibada, tumpe pole yake.

Bwana na atupe masikio ya kusikiliza. Amina.