Je, Mchezaji Ahamaye Klabu ni Msaliti?

Ligi Kuu inapokwisha, nyavu hufungwa, majani ya viwanja hupata nafasi ya kuota, na wachezaji hurudi makwao. Mtu angedhani kwamba wapenzi wao nao wangepumzika. Sivyo. Hapo ndipo mazungumzo hupamba moto. Pale Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia Jaws Corner hadi Darajani, mabaraza ya mawe hujaa baada ya Alasiri. Dele la kahawa huzunguka, dhumna hugongwa juu ya meza, na hakuna aulizaye tena nani amefunga, kwa kuwa hakuna aliyecheza. Huulizwa nani anakuja na nani anaondoka. Ndivyo ilivyo pia Dar es Salaam, Tabora na Mwanza. Gazeti la asubuhi humhamisha mchezaji kutoka Jangwani kwenda Msimbazi, redio ya mchana humrudisha, na kufika jioni simu za mkononi zimekwisha kumpeleka Morocco.

Sisi si miongoni mwao wanaouona mpira wa miguu kuwa mambo ya kitoto. Mtu aliyefanya kazi kutwa nzima anastahili kuwa na jambo la furaha la kuzungumza na jirani yake, na tumeona watu wa dini mbili na vyama viwili wakikaa baraza moja kwa sababu ya Simba na Yanga tu. Hilo si jambo dogo katika nchi yoyote, na Unguja hasa si dogo hata kidogo. Basi neno letu la leo halihusu mpira, wala halihusu mazungumzo yenyewe. Lahusu neno moja ambalo husikika mno katika miezi hiyo, nalo ni “msaliti”.

Msaliti ni nani? Ni mtu aliyetoa ahadi ya uaminifu, akapokea imani ya wenzake kwa sababu ya ahadi hiyo, kisha akaiuza. Pasipo ahadi hakuna usaliti. Mna kuondoka tu. Kwa hiyo kabla ya kumwita kijana jina hilo zito, yatupasa tuulize swali jepesi: nani alimwahidi nani, na alimwahidi nini?

Tutwae mfano ambao kila msomaji anaukumbuka, nao ni wa kijana wa Unguja mwenyewe. Feisal Salum, ambaye watu humwita Fei Toto, alitoka JKU ya Zanzibar mwaka 2018 akajiunga na Yanga. Alicheza vizuri, akapendwa mno. Mwezi wa Desemba 2022 alitaka kuuvunja mkataba wake, akailipa klabu fedha ambazo wakati ule zilitajwa kuwa shilingi milioni 112, akaaga. Klabu ikakataa. Januari 2023 kamati ya TFF inayosimamia sheria na hadhi za wachezaji ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Shauri likaendelea miezi mingi, kijana hachezi. Mwezi wa Juni 2023, Yanga ilipoalikwa Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba viongozi wa klabu walimalize jambo hilo. Likamalizika, na Feisal akaenda Azam. Katika msimu uliofuata aliifungia klabu hiyo mabao 19 ya ligi.

Hatukusudii kulifufua shauri lililokwisha kuzikwa na wenyewe. Twataka kuonyesha tu kwamba ndani yake mlikuwa na maswali mawili, na watu waliyachanganya. Swali la kwanza lilikuwa la haki: je, mtu aliyetia saini mkataba wa miaka kadhaa anaweza kuondoka katikati kwa kuweka fedha mezani? Hilo ni swali la kweli, na sisi hatulifanyii mzaha. Ahadi si bidhaa ambayo kila mmoja aweza kuinunua tena apendapo. Ikiwa mkataba wenyewe umetaja bei ya kuuvunja, aliyeilipa hakuvunja neno lake, bali amelitimiza kwa njia nyingine iliyokubaliwa. Ikiwa haukutaja, basi anayetaka kuondoka sharti aombe kufunguliwa, na yule mwingine anaweza kukataa. Mkulima aliyekodi shamba kwa miaka mitatu hulijua jambo hili bila kufundishwa na wakili. Kwa hiyo hatuoni kosa kwa klabu kudai haki yake mbele ya kamati, wala kwa kamati kuamua ilivyoamua. Kijana alikuwa amefungwa na mkono wake mwenyewe.

Lakini swali la pili lilikuwa la moyo, nalo halikuwa na kamati. Vibarazani, magazetini na katika simu watu hawakuridhika kusema “mkataba wake bado”; walisema hana shukrani, ana tamaa, ametumwa, amelaaniwa. Mama yake mzazi aliposema hadharani kwamba mwanawe alikuwa akila ugali kwa sukari, maneno hayo yakageuzwa mzaha wa nchi nzima. Yawezekana mama yule alikosea kuyasema mbele ya watu, yawezekana hakukosea. Lakini tangu lini mama wa mtu amekuwa uwanja wa kuchezea? Unguja ni kisiwa kidogo. Kijana anayetajwa barazani si picha ya gazeti. Ana mjomba ambaye labda amekaa upande wa pili wa baraza hiyo hiyo, ameinamisha kichwa katika kikombe chake, anasikia yote.

Amri ya nane twaijua sote, nasi hudhani twaishika maadamu hatukusema uongo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwenda mbali zaidi. Alifundisha kwamba jambo lenye shaka katika tendo la mwenzetu lapaswa kupewa maana iliyo njema. Na alikubali waziwazi kwamba mwenye kufanya hivyo atadanganyika mara kwa mara. Hata hivyo aliona kwamba kudanganyika kwa namna hiyo ni hasara ndogo kuliko dhuluma anayotendewa mtu mwema anapodhaniwa mabaya. Tazama jinsi mafundisho hayo yalivyo kinyume cha desturi ya miezi ya usajili, ambamo anayedhani vibaya ndiye aonekanaye mjuzi, na anayesema “huenda ana sababu zake” huchekwa kama mtoto.

Na kwamba neno hili “msaliti” halina uzito wa kweli hata vinywani mwa wanaolitumia, historia ya klabu zetu yenyewe ni shahidi. Emmanuel Okwi wa Uganda, aliyekuwa kipenzi cha Simba, alijiunga na Yanga mwishoni mwa mwaka 2013. Mwaka 2014 akarudi Simba, akabebwa juu juu. Haruna Niyonzima wa Rwanda aliiacha Yanga akaenda Simba mwaka 2017, na wapenzi wa Yanga walimwona adui. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 2021 wakamuaga kwa heshima kubwa. Ibrahim Ajibu alitoka Simba kwenda Yanga mwaka huo huo wa 2017, na mwaka 2019 akarudi alikotoka. Sasa, kama watu hao walikuwa wasaliti, walitubu lini? Nani aliwaungamisha? Hakuna. Neno lilimaanisha tu kwamba hayupo kwetu kwa sasa. Jambo dogo kama hilo lastahili neno dogo.

Twajua watakavyotujibu. Watasema: “Padre, huo ni utani tu, Simba na Yanga ni watani wa jadi.” Jibu hili twaliheshimu, kwa kuwa utani ni mali yetu, tena mali ya thamani. Lakini tuutazame utani jinsi wazee walivyoutunza. Mtani husema usoni pa mtani wake, wala hasemi akiwa kisogoni. Mtani anaposemwa anayo haki ya kujibu, na ajibu kwa ukali ule ule, na hakuna kununa. Tena utani una deni ndani yake: mtani huyo huyo aliyekutania ndiye ajaye msibani kwako, akakuchekesha wakati wa machozi, akashika jembe la kuchimba kaburi. Mpenzi wa Simba na mpenzi wa Yanga wanaotupiana maneno kwenye baraza ya Mji Mkongwe ni watani kwelikweli. Kesho mmoja akifiwa, mwingine atakuwako. Lakini kijana wa miaka 20 anayesemwa na maelfu ya watu wasiomjua, asiyeweza kumjibu hata mmoja, na ambaye hakuna kati yao atakayekwenda msibani kwao, huyo hakutaniwa. Huyo amesengenywa. Kuliita jambo hilo utani ni kuutukana utani.

Mpenzi wa klabu atauliza tena: “Na sisi je, hatuna haki? Twalipa kiingilio, twanunua jezi, twapaza sauti hadi inakauka.” Ni kweli, na kwa fedha hiyo mmepata mlichonunua, yaani mchezo. Mwenye kununua samaki Darajani hamdai mvuvi uaminifu wa maisha. Jambo hili halikuanzia kwetu, wala halitaishia kwetu. Huko Ulaya, hadi miaka 30 hivi iliyopita, klabu iliweza kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, mpaka klabu nyingine itoe fedha. Jean-Marc Bosman, Mbelgiji, mkataba wake na klabu ya Liège uliisha mwaka 1990, akazuiwa kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Akaenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikampa ushindi. Leo kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kuafikiana na klabu nyingine pindi mkataba wake unapobakiza miezi 6. Basi yule ambaye barazani huitwa msaliti kwa sababu “ameonekana akizungumza na wale”, aghalabu hutumia ruhusa ya wazi kabisa.

Huko Marekani mambo ni ya ajabu zaidi. Vyuo vikuu vyao hushindana kuwavuta vijana wa sekondari wenye kipaji cha mpira wao, ambao si huu wetu, na watu wazima wenye ndevu hukosa usingizi wakingoja mtoto wa miaka 17 atangaze atasoma chuo gani. Kwa miaka mingi vyuo vilikusanya fedha nyingi kwa jasho la vijana hao bila kuwalipa mshahara, ila masomo na posho. Na bado kijana aliyetaka kuhama aliambiwa hana uaminifu. Ni mwaka 2021 tu waliporuhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na mwaka 2025 ndipo vyuo viliporuhusiwa kuwalipa vyenyewe. Mara nyingi anayedai uaminifu kwa sauti kubwa ndiye aliye na faida nao.

Turudi Unguja. Klabu nyingi kubwa za huko ni za vikosi: JKU, KMKM, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, Polisi. Kijana mwenye kipaji huweza kupata humo timu na ajira, na hilo ni jambo jema. Lakini fedha ya mpira wenyewe iko ng'ambo ya bahari. Ibrahim Abdulla, aitwaye Bacca, alivuka kutoka KMKM kwenda Yanga mwanzoni mwa mwaka 2022, na wengine wengi walivuka kabla yake. Maisha ya mchezaji uwanjani ni mafupi, labda miaka 10 au 12, na goti moja likivunjika yamekwisha. Nani kati yetu, akipewa kazi hiyo hiyo kwa mshahara mara tatu, angesema hapana kwa sababu ya rangi ya jezi? Mwalimu ahamapo shule hatumwiti msaliti. Karani ahamapo benki twampa mkono wa pongezi.

Neno moja kwa akina baba na mama. Watoto wenu husikiliza. Mtoto achezaye mpira jioni pale Mnazi Mmoja husikia baba yake akisema mwezi wa Mei kwamba fulani ni dhahabu, na mwezi wa Julai kwamba fulani huyo huyo ni takataka, hali fulani hakubadilika ila nguo. Atajifunza nini kuhusu thamani ya mtu? Na siku atakapokuwa yeye ndiye kijana mwenye kipaji, atatazamia upendo wa namna gani kwa watu?

Tena, ikiwa kweli twataka kuzungumza juu ya shukrani na deni, basi tuwatafute wenye dai. Kila mchezaji aliyevuka bahari kwenda Dar es Salaam aliwahi kuwa mtoto aliyefundishwa na mtu fulani katika uwanja wa vumbi, mtu asiye na mshahara, aliyewanunulia watoto mpira kwa fedha yake na kuwaamulia ugomvi. Hata FIFA hutambua kwamba malezi ya mchezaji tangu miaka 12 hadi 21 yana gharama, na kwamba waliomlea wana haki ya kufidiwa. Lakini fidia hiyo hulipwa klabu zenye karatasi, na yule mwalimu wa mtaani aghalabu hana karatasi. Ana daftari la majina tu. Katika mazungumzo yote ya miezi ya usajili hatujasikia mtu akiuliza kama mchezaji fulani, alipopata fedha, alirudi kumwona mwalimu wake. Swali hilo lingefaa baraza nzima ya kahawa.