Kunguni, Moto na Haki ya Jirani

Tumeulizwa na ndugu zetu wa Voi: Je, yafaa kuua kunguni kwa maji yanayochemka, au kwa pasi ya moto, au kwa zile mashine za mvuke, hali ya kuwa imepokewa katika Hadithi kwamba haadhibu kwa moto ila Mola wa moto? Na ikiwa haifai, je, dawa za sumu ndizo zilizo salama zaidi kwa dini ya mtu?

Swali hili si la kuchekwa. Mji wa Voi ni njia panda. Reli na barabara kuu baina ya Mombasa na Nairobi zapita hapo, na hapo ndipo ianzapo njia ya Mwatate na Taveta iendayo mpaka wa Tanzania. Mji wa namna hiyo hauishi wageni, na kunguni husafiri na mgeni ndani ya mkoba na ndani ya godoro. Wala mtu asidhani kuwa huyu ni mdudu wa maskini au wa mtu mchafu. Mwaka 2023 mji wa Paris ulijaa malalamiko juu yake, katika hoteli na katika treni. Chakula chake ni damu tu. Uchafu haumwiti wala ufagio peke yake haumtoi.

Ama jawabu, twasema hivi. Hadithi ya moto ni sahihi, na maana yake imo katika Bukhari na Abu Daud. Na iko Hadithi nyingine mashuhuri, ya Nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi akaamuru kijiji chao kizima kichomwe, Mwenyezi Mungu akamlaumu kwamba kwa kosa la mmoja ameangamiza umma wenye kumsabihi Mola wake. Basi mwenye kuyasoma haya akasita na birika mkononi, tusimwite mjinga. Amesita mahali pa kusita.

Lakini tuzitazame hizo Hadithi zakataza nini. Ya kwanza yakataza kuadhibu, na ya pili yalaumu kuwachukulia wengi kwa kosa la mmoja. Kunguni hakuna katika jamaa yake aliye mbali na madhara, kwani wote riziki yao ni damu ya aliyelala. Na sharia imeruhusu kuuawa wanyama wenye kuudhi, hata imetajwa idadi yao wanaouawa ndani ya Haram tukufu. Tena tumeamrishwa katika Hadithi aliyoipokea Muslim kwamba tukiua tuue kwa wema. Basi wema wa kuua ni upi? Joto la daraja 50 la Selsiasi humwua kunguni kwa muda wa dakika chache, na maji yachemkayo yakimfikia humwua papo hapo, yeye na mayai yake. Sumu nyingi humwacha akitapatapa kwa saa nyingi, na nyingine kwa siku. Kwa hivyo mwenye kuihofia adhabu, akakimbilia sumu, amekimbilia ile iliyo ndefu zaidi.

Wanavyuoni wametaja mfano ulio karibu na huu. Imamu Ahmad aliulizwa juu ya watu wanaoanika vifuko vya hariri juani mpaka nondo walio ndani wakafa, akaona hapana ubaya ikiwa hawana budi, wala hawakukusudia kuwaadhibu. Hapo ndipo penye shina la jambo: haja, na nia. Mtoto anayemshika kunguni akamwashia kibiriti ili acheke, huyo ndiye akatazwe, na baba yake aulizwe. Na kuyamwagia mafuta ya taa matendegu ya kitanda kisha kuyatia moto, hilo twalikataza kwa sababu mbili, ya Hadithi, na ya nyumba ya mtu kuteketea pamoja na watoto. (Ama doa la damu ya kunguni juu ya kanzu, hilo kwa Shafii limesamehewa katika sala. Wako wanaoacha jamaa ya alfajiri kwa doa hilo.)

Sasa tuje kwenye sumu. Watu wa Taveta wana habari yake tangu zamani. Baina ya mwaka 1955 na 1959 serikali za wakati huo zilipuliza dawa iitwayo dieldrini katika nyumba za Taveta na za Upare ng'ambo ya mpaka, ili kuwaua mbu wa malaria. Mwaka 1958 ikaandikwa kwamba kunguni wa Upare hawafi tena kwa dawa ile. Wale waliokuwa dhaifu walikufa, wakabaki wenye kuistahimili, na hao ndio waliozaa. D.D.T. nayo ilikwisha kushindwa na kunguni huko Hawaii mwaka 1947, kabla mvumbuzi wa nguvu zake hajapewa zawadi ya Nobel ya mwaka 1948. Na dieldrini hiyo, iliyoingizwa vyumbani kwa nia njema, ilitiwa mwaka 2001 katika orodha ya sumu zilizopigwa marufuku kwa mkataba wa Stockholm, kwa kuwa hudumu ardhini na katika miili ya viumbe kwa miaka mingi. Hatusemi kuwa kila dawa ni haramu. Yenye kibandiko, iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba, ikatumiwa kama ilivyoandikwa, hiyo yafaa. Twasema juu ya ile inayouzwa katika chupa ya soda isiyo na jina, na ile ya shambani iletwayo kitandani.

Na mbaya kuliko zote ni vile vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi, na gesi haijui ukuta ni wa nani. Katika nchi za Ghuba, ambako wengi wetu tuna jamaa, wamekufa watoto wamelala kwa sababu jirani alitia vidonge hivyo chumbani mwake kuwaua wadudu, akafunga mlango akaenda zake. Je, Mtume (S.A.W.) hakusema kwamba Jibrili alimwusia jirani mpaka akadhani atamrithisha? Mvuke wa birika lako hauvuki kwenda kwa jirani. Sumu yavuka.

Lakini kwa nini mtu afanye hivyo kwa siri, usiku, milango imefungwa? Kwa sababu anaona haya. Hapa ndipo lilipo swali zito kuliko lile tulilopelekewa. Kunguni hupita nyufa za ukuta kama ipitavyo gesi, na mwenye kuwaua upande wake tu huwafukuzia upande wa pili, kisha hurejea. Hapana dawa ila nyumba zinazopakana zifanye kazi siku moja, na hilo haliwi ila mmoja aseme. Naye hasemi, kwani ajua siku ya pili habari itakuwa barazani na kisimani, na binti yake ataitwa binti wa nyumba ya kunguni. Wenye kucheka barazani wana fungu lao katika dhambi ya sumu ile. Wengine, badala ya kuchemsha maji, huandikiwa kombe na kuambiwa wamerogwa. Hao wametoa fedha wakabaki na kunguni.

Atasema msemaji: Hatukuamrishwa kusitiri? Twajibu: Tumeamrishwa kusitiri kosa la mja lisilomdhuru mwingine. Kunguni si kosa, na kumficha kwadhuru.

Basi mwenye kuuza kitanda naye ajua kina kunguni, asiseme, ameghushi, na mnunuzi ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake. Mwenye nyumba ya wageni hapo Voi akimpangisha msafiri chumba anachokijua hali yake, ni kadhalika. Msafiri akigundua usiku aweza kuuvunja mkataba na kutoka. Na mgeni atokaye katika nyumba yenye kunguni amwambie mwenyeji wake mlangoni, mkoba ubaki nje, nguo zitiwe katika maji ya moto. Mwenyeji naye ampokee, ampe kikoi cha kubadili, wala asimtaje kwa watu.